Daraja liko Mtambaswala, biashara iko Kilambo: uchambuzi wa utafiti wa mwanafunzi mmoja wa Mtwara

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefanya utafiti wake wa kuhitimu katika uhusiano wa kimataifa hapa Mtwara, nami nikiwa msimamizi wake. Nilimwomba ruhusa ya kukiandika, akakubali kwa sharti kwamba jina lake na la kijiji cha kwao yasitajwe. Ninakiandika kwa sababu kila mwaka ninawaona vijana wa kusini wakikimbilia mada za mbali: vita vya Ukraine, suala la Taiwan, ushindani wa Marekani na China. Mada hizo si mbaya. Lakini kijana wa Tandahimba au Newala ana kitu ambacho profesa wa London hana: anaweza kushuka mpaka mto Ruvuma, unaotutenga na Msumbiji, akaketi na watu, akazungumza nao kwa lugha zao, na jioni akalala kwa shangazi. Kuuacha utajiri huo ili uandike muhtasari wa mambo ambayo wengine wameshayaandika ni hasara, na ninaumia kila ninapoiona.

Mada aliyokuja nayo

Pendekezo lake la kwanza lilihusu mchango wa SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, katika kurejesha amani Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji. Binti alikuwa amesoma, hilo sikulitilia shaka. Alijua kwamba mashambulizi ya waasi yalianza katika mji wa Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, kwamba mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye, na kwamba baada ya Palma kuvamiwa Machi 2021 kampuni ya Total ilisimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi. Alitofautisha vizuri wanajeshi wa Rwanda, walioingia Julai 2021 kwa makubaliano ya nchi mbili, na kikosi cha SADC kilichoingia mwezi huohuo, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliochangia askari, na kilichoondoka 2024. Alikumbuka pia Oktoba 2020, wavamizi walipovuka mto na kushambulia Kitaya, upande wetu.

Nikamuuliza swali moja: "Utamuuliza nani?"

Akaniambia atawahoji maafisa wa jeshi, wakimbizi na wananchi wa mpakani. Tukawapitia mmoja mmoja. Afisa wa jeshi hazungumzi na mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuhusu operesheni, na akizungumza atampa maneno yaleyale yaliyokwisha kutolewa kwa waandishi wa habari. Mkimbizi aliyeona kijiji chake kikichomwa hahojiwi na mtu ambaye hajafundishwa namna ya kumsikiliza aliyeumizwa, maana unaweza kumfungua kidonda halafu ukapanda gari ukarudi chuoni. Na mwananchi wa mpakani? Huyo ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Fikiria msichana mwenye daftari anapita nyumba kwa nyumba katika kijiji cha kandokando ya Ruvuma akiuliza habari za waasi. Atakayemjibu ataonekana anajua kitu. Naye atakayeandika ataonekana ametumwa na mtu. Jibu linaloweza kumfikisha aliyelitoa kituo cha polisi halipaswi kutafutwa na mwanafunzi, hata kama mada inapendeza kiasi gani.

Aliinama kidogo. Ni wakati mgumu huu, na wasimamizi wengi huuharibu kwa kumpa mwanafunzi mada mpya kutoka mfukoni. Ukifanya hivyo utafiti unakuwa wako na yeye anakuwa karani wako. Mimi nikaendelea kumuuliza mambo ya kwao.

"Watu wa kwenu wakienda Msumbiji wanavukia wapi?"

"Kilambo, Mwalimu. Kuna kivuko, na maji yakiwa hayaruhusu kuna mitumbwi."

"Na daraja?"

"Daraja ni mbali, Mwalimu. Hakuna anayekwenda daraja."

Nikamwambia aandike sentensi hiyo ya mwisho juu ya karatasi safi, kisha atafute kama ni kweli, na kama ni kweli, kwa nini.

Kwa nini swali hilo ni la uhusiano wa kimataifa

Daraja la Umoja liko Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, likiunganisha Tanzania na Negomano, Msumbiji. Lina urefu wa mita 720. Wazo lake linahusishwa na Mwalimu Nyerere na Samora Machel tangu Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Jiwe la msingi liliwekwa 2005 na daraja likafunguliwa Mei 2010 na Marais Kikwete wa Tanzania na Guebuza wa Msumbiji, kwa fedha za serikali hizo mbili zenyewe. Jina lenyewe linabeba historia: FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam 1962, wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, na wakimbizi wa Msumbiji walipokelewa Rutamba, Lindi, katika miaka ya 1960. Kwa hiyo hapa tuna nchi mbili zenye undugu wa vita vya ukombozi, zilizojenga alama ya undugu huo juu ya mto. Iwapo mfanyabiashara mdogo wa Mtwara anaipita alama hiyo na kwenda kuvukia penginepo, kuna jambo la kueleza kuhusu umbali kati ya uhusiano wa serikali na uhusiano wa watu.

Mwanafunzi alipochimba zaidi alikutana na kitu ambacho wengi wetu hapa hatukifundishi. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka. Hata hivyo Wajerumani waliichukua Kionga, kipande cha ardhi kilicho kusini mwa mdomo wa mto, mwaka 1894. Wareno wakairudisha mikononi mwao 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita mataifa makubwa yakathibitisha kwamba ni yao. Ndiyo maana leo mtu wa Kilambo anavuka maji kidogo tu na tayari yuko nchi nyingine, ilhali ndugu zake wako pande zote mbili. Binti aliposoma habari hiyo alinipigia simu usiku. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kuanzia hapo mada ilikuwa yake.

Kwa nadharia, rasimu yake ya kwanza ilikuwa na tatu zilizopangwa kama mabango, kila moja na aya yake, na hakuna hata moja iliyofanya kazi. Tulibakiza moja: hoja ya wanazuoni wa Marekani Robert Keohane na Joseph Nye ya 1977 kuhusu kutegemeana kwa mataifa. Kwa kifupi, wanasema kwamba pale nchi zinapotegemeana sana utaona mambo matatu: jamii zao zinaunganishwa na njia nyingi na si serikali pekee, hakuna suala moja, hata la usalama, linalotawala mengine siku zote, na nguvu za kijeshi hazitumiki baina yao. Nilimpenda mwanafunzi huyu kwa jinsi alivyoipokea. Hakusema "nadharia hii itaongoza utafiti wangu" kisha akaisahau mpaka sura ya mwisho. Aliyageuza mambo hayo matatu kuwa mambo ya kwenda kuangalia mtoni.

Barua

Sehemu hii nitaipita haraka, ila mwanafunzi asiipuuze. Barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, ikafika kwa mtendaji wa kijiji. Katika ofisi moja ililala muda mrefu, na iliamka tu pale mwanafunzi alipokwenda mwenyewe akiwa na nakala yenye kumbukumbu namba. Tembea na nakala za kutosha. Mwenyekiti wa kitongoji naye mpelekee, hata kama hakuna aliyekuagiza, kwa sababu wananchi watamuuliza yeye kabla ya kukujibu wewe.

Pale maswali yalipobadilika

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote.

Baada ya siku zake za mwanzo sokoni aliniletea daftari. Kurasa zilijaa majibu, na yote yalikuwa yanafanana: uhusiano ni mzuri, sisi ni ndugu, hatuna shida na wenzetu wa Msumbiji. Alifurahi, akisema data "zinakubaliana". Nikamwomba anisomee swali alilouliza. Lilikuwa hili: "Je, unaonaje uhusiano wa Tanzania na Msumbiji?"

Muulize mama anayeuza vitenge sokoni swali hilo, huku akiona daftari na karatasi yenye nembo ya chuo, atakujibu kama anavyojibu mgeni wa serikali. Hajadanganya. Amekuwa na adabu tu. Swali kubwa huletewa jibu la heshima, nalo jibu la heshima halina kitu cha kuchambua.

Tukakaa tukaandika upya. Yakabaki maswali matatu ya msingi, na mengine yote yalifuata kutoka humo: Mara ya mwisho ulivuka lini na ulipitia wapi? Ulibeba nini kwenda, ukarudi na nini? Njiani ulimlipa nani, kwa karatasi gani?

Daftari la pili lilikuwa kitu kingine kabisa. Sasa kulikuwa na sabuni, mafuta ya kula na ndoo za plastiki zikienda kusini. Samaki wakavu wakirudi. Kulikuwa na maelezo ya kubadilisha shilingi kwa metikali, fedha ya Msumbiji, na ya siku ambayo maji yalipungua kivuko kikakwama na mizigo ikahamishiwa kwenye mitumbwi. Mama mmoja alieleza kwamba mteja wake mkubwa alikuwa Palma, na kwamba tangu Machi 2021 hajui alipo; hakumsikia tena. Mwanafunzi hakuwa ameuliza chochote kuhusu vita. Vita vilikuja vyenyewe kupitia mteja aliyepotea, na vilikuja kwa namna ambayo mama yule aliichagua, na aliweza kunyamaza alipotaka.

Kulikuwa pia na suala la fomu ya ridhaa. Chuo kinataka mhojiwa atie saini, na fomu ilikuwa ya Kiingereza. Mfanyabiashara wa kwanza aliigeuza huku na huku, akauliza kuhusu TRA, mamlaka ya mapato: "Mwanangu, nikiweka saini hapa, TRA wanakuja?" Ni swali la haki kabisa. Mtu anayevusha mzigo mdogo bila kujua kama karatasi zake zimekamilika ana kila sababu ya kuogopa saini. Tuliomba kwa maandishi idhini ya kutumia ridhaa ya mdomo, maelezo yakatolewa kwa Kiswahili, na majina hayakuandikwa popote, hata kwenye daftari. Kila mhojiwa alipewa herufi na namba. Orodha ya kuunganisha namba na watu haikutengenezwa kabisa. Nilisisitiza hilo, kwa kuwa orodha isiyokuwepo haiwezi kuibwa wala kudaiwa na mtu yeyote.

Suala la shangazi lilihitaji uangalifu wake. Shangazi wa mwanafunzi ni mfanyabiashara wa Kilambo wa miaka mingi, na bila yeye milango isingefunguka. Lakini ukimhoji shangazi, kisha rafiki wa shangazi, kisha rafiki wa rafiki, utakuwa umetafiti kikundi kimoja cha akina mama wanaokopeshana. Tuliamua shangazi asihojiwe. Alimtambulisha tu. Halafu mwanafunzi akaingia kwa milango mingine isiyomjua shangazi: stendi ya magari yaendayo Kilambo, wauza samaki, na wazee wa kijijini. Majibu yalipoanza kutofautiana ndipo nilipopumua.

Mzee mmoja alimpa somo ambalo hakulipata darasani. Alikwenda kumuuliza habari za Nyerere na Samora, maana alikuwa kijana wakati wa vita vya ukombozi. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu, karibu." Akamweleza kidogo kuhusu wapiganaji waliokuwa wakipita, kisha akahamia kwa dada yake aliyeolewa ng'ambo, na misiba ambayo familia ilivuka kwenda kuzika, na misiba ya siku za karibuni ambayo hawakuweza kuvuka. Mwanafunzi alitaka kumrudisha kwenye mada. Aliposikiliza tena rekodi akagundua kwamba mzee hakutoka kwenye mada hata kidogo: zile njia nyingi zinazounganisha jamii, ambazo Keohane na Nye wanaziandika, kwa mzee huyu zilikuwa ndoa na mazishi.

Karatasi za mpakani

Kosa moja la kitaalamu katika rasimu lilizaa matunda. Mwanafunzi aliandika kwamba nchi zote mbili ni wanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Si hivyo. Msumbiji ilijitoa 1997, Tanzania ikajitoa 2000. Tanzania iko EAC, yaani Jumuiya ya Afrika Mashariki, na SADC. Msumbiji haimo EAC. Aliposahihisha, akaona jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelipa uzito. Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania anayevuka Namanga au Sirari kwenda Kenya anaweza kutumia cheti rahisi cha uasilia cha EAC, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, kwa bidhaa za ndani ya jumuiya zisizozidi dola 2,000. Cheti hicho hakina kazi Ruvuma. Hapa unaingia kwenye utaratibu wa SADC, ambao eneo lake huru la biashara lilianza 2008. Wauzaji wawili aliowahoji waliwahi kufanya biashara Kenya na walidhani mambo ni yaleyale. Hapo ndipo uanachama wa jumuiya, ambao kwenye vitabu ni majedwali na tarehe, unapoonekana kwa macho: mtu yuleyule, mzigo uleule, mipaka miwili, karatasi tofauti.

Alichoruhusiwa kusema, na alichokatazwa

Hitimisho la kwanza la binti lilisema: Daraja la Umoja limeshindwa. Nililizuia, naye alibishana nami, jambo ambalo lilinifurahisha. Nilimuuliza kama aliwahi kuhesabu malori Mtambaswala. Hakuwahi. Kama aliwahoji madereva, au wafanyabiashara wa Mangaka na Masasi. Hakuwahi; fedha alizokuwa nazo zisingetosha kwenda na kukaa huko. Basi hawezi kusema neno juu ya mafanikio ya daraja. Ushahidi wake ulitoka kwa wafanyabiashara wadogo wa Mtwara, na kwa hao ana haki ya kusema kwa sauti kubwa.

Akaandika hivi, kwa maana: wafanyabiashara wadogo aliozungumza nao huchagua pa kuvukia kwa kufuata wateja na jamaa, nao wako pwani, Palma na Mocímboa da Praia, daraja liko bara, na ng'ambo yake ni safari ndefu ya kwenda Mueda kabla ya kupata soko. Umbali wa barabara ulitajwa na wengi, lakini uzito zaidi ulikuwa kwa watu wanaowajua upande wa pili. Mtu huvuka kwenda kwa mtu.

Na nadharia? Jambo la kwanza, la njia nyingi zinazounganisha jamii, lilisimama imara, labda imara kuliko Keohane na Nye wenyewe walivyofikiria. La pili, kwamba hakuna suala linalotawala mengine siku zote, liliyumba. Tangu 2017, na zaidi baada ya Kitaya, usalama ulipanda juu ya kila kitu: doria ziliongezeka, kuvuka kukawa kugumu, na biashara na misiba vikasubiri. La tatu, la nguvu za kijeshi, lilihitaji maneno ya uangalifu, kwa sababu majeshi yalikuwepo mpakani lakini hayakuwa ya nchi hizi mbili zikielekezeana silaha. Tanzania ilipeleka askari Msumbiji kuisaidia. Kwa hiyo tishio la mtu wa tatu ndilo lililobadilisha kutegemeana kwa majirani wawili wasiogombana. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kufikia hoja hiyo kutokana na ndoo za plastiki na samaki wakavu ni kazi ya kuheshimiwa, nami naiheshimu.

Swali la mtahini

Siku ya utetezi mtahini mmoja aliuliza: sauti ya Msumbiji iko wapi? Utafiti unahusu nchi mbili, na wahojiwa wote wako ukingo wa kaskazini. Mwanafunzi alijibu bila kuzunguka kwamba hakuvuka kwa sababu kibali chake kiliishia mtoni na usalama wa ng'ambo haukumruhusu, na kwamba kila anaposema "wafanyabiashara" msomaji aelewe ni wa upande huu. Sentensi hiyo ilikuwa tayari kwenye sura ya tatu. Mtahini aliikubali, akataka ihamishiwe pia kwenye ukurasa wa muhtasari, na ikahamishwa.

Pengo lenyewe bado lipo na linahitaji mtu wa kulijaza. Njia ninayoipendekeza ni mwanafunzi wa hapa kushirikiana na mwenzake wa Pemba, mji wa Cabo Delgado na si kisiwa chetu, ambako Chuo Kikuu cha Lúrio kina kampasi, kila mmoja akiuliza maswali yaleyale matatu kwenye ukingo wake. Kimakonde kinazungumzwa pande zote. Kireno kitahitajika kwa barua na kwa ofisi. Mwanafunzi aliyejitokeza kuendeleza kazi hii anatoka Newala, Kimakonde anacho, na Kireno ameanza kujifunza. Kabla hajaandika pendekezo nimempa kazi moja: aende Kilambo, asihoji mtu, aangalie siku nzima nani anavuka na kabeba nini.